Karakana za Kongwa na Maghala ya Vyama

Mazungumzo kwa makatibu wa vyama vya msingi na wanachama



Msafiri atokaye Dodoma kwa barabara kuu iendayo Morogoro akifika Mbande hukata mkono wa kulia na kushika njia ya Kongwa na Mpwapwa. Mwendo wake si mrefu. Mbele husimama vilima, na chini ya vilima imetandaa nyika ya udongo mwekundu, yenye miiba na mibuyu iliyoachana. Wakati wa kiangazi upepo huinua vumbi jekundu likafunika majani, mapaa na nguo za watu. Mtu asiyeambiwa hawezi kudhani kwamba katika nyika hiyo, kati ya mwaka 1947 na 1951, palisimama mji wa mitambo uliojulikana London kuliko mji mwingine wowote wa Tanganyika. Palikuwa na karakana za matrekta, maghala, tawi la reli lililotoka katika Reli ya Kati pale Msagali, hospitali, shule, na mahema yasiyohesabika. Mji huo ulizaliwa kwa tangazo la serikali na ukafa kwa tangazo la serikali, na katikati ya matangazo hayo mawili ilipita miaka minne hivi tu.

Yafaa wana-ushirika wa Kanda ya Kati waijue habari hii kwa urefu, kwa sababu mbili. Kwanza, ni habari ya karanga na ya mvua, na hakuna chama cha msingi katika nyanda hizi ambacho hakijapata kuhesabu hasara ya mvua. Pili, mabaki ya Kongwa yameleta swali ambalo sasa linagonga mlango wa kila chama chenye ghala kuukuu au mashine iliyokufa: kitu cha kazi kilichomaliza kazi kifanyweje?

Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, na mgawo wa chakula ulikuwa ungali unaendelea kwao. Mwezi Machi 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, alitoa shauri kwamba karanga zilimwe kwa mitambo katika mapori ya Afrika Mashariki. Serikali yao ikatuma ujumbe wa watu watatu ulioongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa mkuu wa kilimo Tanganyika. Ujumbe huo ulizunguka kwa muda wa wiki tisa hivi, sehemu kubwa ya nchi ukiitazama kutoka angani kwa ndege, kisha ukaandika taarifa yake. Taarifa ilitaka mashamba makubwa 107, kila moja la eka 30,000, jumla eka 3,210,000. Kati ya hayo, 80 yawe Tanganyika, na yaliyobaki yawe Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Kusini, upande wa Nachingwea, palipangiwa mashamba 55, Urambo 10, na Kongwa 15. Gharama ilikadiriwa kuwa takriban paundi milioni 25.

Ikumbukwe kwamba Kongwa haikuwa sehemu iliyopewa mashamba mengi. Ilitangulizwa tu kwa kuwa ilikuwa karibu na reli, na Kusini hapakuwa na reli wala bandari ya kufaa. Hapo ndipo kosa la kwanza lilipoingia, na ni kosa ambalo hata kamati ya chama kidogo hulifanya: shamba lilichaguliwa kwa sababu ya njia ya kufikia, halikuchaguliwa kwa sababu ya shamba lenyewe.

Wenyeji wa nyika ile walikuwa na elimu yao. Mgogo hulima mtama na uwele, hulima na karanga na njugu mawe, lakini hutawanya vishamba vyake huku na huku, kwa kuwa mvua ya nchi hii hunyesha bonde moja ikaruka la pili. Akiba yake kubwa ni ng'ombe, maana ng'ombe huweza kuswagwa yakafuatwa maji, na shamba halihamishiki. Ile nyika iliyoonekana tupu kutoka katika ndege ilikuwa tupu kwa sababu maalumu: haikuwa na maji. Mvua yake kwa mwaka ni kiasi cha milimeta 500, na mara nyingine hupungua mno au huja yote kwa siku chache. Hapana ushahidi kwamba swali la kwa nini watu hawakukaa pale liliwahi kuulizwa kwa uzito uliostahili. Wazee wangelijibu bila kutoza ada.

Kazi ilianza mapema mwaka 1947. Matrekta mapya hayakupatikana, kwa kuwa dunia nzima ilikuwa ikiyatafuta. Basi yakanunuliwa makuukuu, mengine mabaki ya jeshi la Marekani yaliyoachwa Ufilipino. Hata vifaru vya vita vya aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta katika viwanda vya Vickers vya Uingereza, vikaitwa Shervick. Vyote hivyo vilishushwa Dar es Salaam, katika bandari isiyokuwa na nafasi ya kutosha, vikapandishwa bara kwa njia moja ya reli. Mto Kinyasungwe ulipofurika uliikata njia hiyo. (Mafuriko ya bonde hilo, kati ya Kilosa na Gulwe, yaliendelea kuisumbua Reli ya Kati kwa miongo mingi baadaye, kwa hiyo si haki kuwacheka wahandisi wa 1947 peke yao.)

Matrekta yalipofika porini yalikutana na vitu viwili. Cha kwanza ni mizizi. Mti wa nyika, ambao juu ya ardhi ni kichaka tu, chini ya ardhi una mizizi iliyofumana kama mkeka, na ilipong'olewa mashina, mizizi ilibaki ikavunja majembe. Cha pili ni udongo wenyewe. Udongo wa Kongwa wakati wa mvua hulimika, lakini jua likiupiga hukauka ukawa kama saruji, na ndani yake mna chembe kali za mchanga zinazosaga chuma. Jembe la trekta ambalo mahali pengine lingedumu msimu mzima hapa liliisha makali upesi. Karanga nazo zina tabia yake: tunda lake limo ardhini, na ardhi ikishikana halitoki. Mkulima wa jembe la mkono hungoja manyunyu au huchimba moja moja kwa subira. Mashine haina subira hiyo.

Kwa hiyo karakana ndiyo ikawa moyo wa mji. Kabla ya mwaka 1947 kwisha theluthi mbili ya matrekta yaliyoletwa yalikuwa hayafanyi kazi. Yalivutwa yakapangwa safu kwa safu, moja likinyofolewa vipuri ili jirani yake litembee. Vijana waliotoka mashambani, wengi wao hawajapata kushika spana, walifundishwa hapo udereva, uhunzi na ufundi wa injini. Sehemu hii ya habari haisemwi sana katika vitabu vya Kiingereza, ambavyo hupenda zaidi kucheka. Mafundi waliopatikana Kongwa hawakupotea na mpango. Waliondoka na ufundi wao mikononi.

Mwaka huohuo wa 1947, mwezi Septemba, makuli wa Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukapanda bara kwa kufuata reli. Wafanyakazi wa Kongwa nao wakagoma kudai ujira. Mtu anayeandika historia ya vyama vya wafanyakazi katika nchi hii hawezi kuiruka nyika hii.

Mpango ulitaka eka 150,000 zilimwe katika mwaka wa kwanza. Zilizopandwa zilikuwa takriban eka 7,500. Mwaka 1948 shirika jipya la serikali ya Uingereza, Overseas Food Corporation, lilichukua usimamizi kutoka kwa United Africa Company, likapunguza malengo, kisha likayapunguza tena. Ukame ulimaliza kazi iliyoanzwa na udongo. Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango, na takriban paundi milioni 36 zikafutwa katika vitabu. Makatibu wanaozijua leja wataelewa neno kufutwa: fedha hazikurudi, ila hazikudaiwa tena.

Ndugu Wanachama, hadi hapa ni habari ya hasara, na wengi wamekwisha kuisikia. Isiyosikika sana ni ya baada ya hasara.

Sehemu tatu za mpango hazikufa kifo kimoja. Kusini ilibaki bandari ya Mtwara, ambayo ilikamilika mwaka 1954 wakati karanga zilizokusudiwa kupita hapo hazipo; reli ya Nachingwea iling'olewa, bandari ikabaki na sasa inapakia korosho. Urambo mashamba yaligawiwa wakulima wapangaji chini ya shirika lililofuata, Tanganyika Agricultural Corporation, lililoshika hatamu mwaka 1955. Wakulima hao wakaacha karanga wakalima tumbaku, na Urambo ikawa nchi ya tumbaku na ya vyama vya ushirika vya tumbaku. Kongwa haikupata zao. Ilipata ng'ombe. Ardhi iliyofyekwa kwa gharama kubwa ikaota majani, na ranchi ikaanzishwa, ambayo baadaye iliingia katika ranchi za taifa za NARCO. Hivyo, baada ya kuzunguka kote, nyika ilirudi kwenye mali ileile ambayo Mgogo aliichagua tangu mwanzo. Reli ya tawi iling'olewa. Shule ya watoto wa Kizungu ilihamishiwa Iringa mwishoni mwa miaka ya 1950, ambako majengo yake mapya baadaye yakawa Shule ya Mkwawa na hatimaye chuo kikuu kishiriki cha ualimu.

Kisha mwaka 1964 Kongwa ikapata kazi ambayo hakuna mtaalamu wa karanga aliyeiota. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa umeunda Kamati ya Ukombozi mwaka 1963 na kuiweka Dar es Salaam, na Tanganyika ikatafuta mahali pa kuwaweka wapigania uhuru: pasiwe mbali na njia, pasiwe machoni mwa watu, pawe na nafasi na pawe na majengo. Stesheni ya reli isiyokuwa na reli, pamoja na majengo yaliyoachwa kando yake, ilikidhi yote. Wakaja wapiganaji wa FRELIMO kutoka Msumbiji, wa ANC ya Afrika Kusini, wa SWAPO ya Namibia, wa MPLA ya Angola na wa ZAPU ya Zimbabwe. Samora Machel, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Msumbiji, alipewa kuongoza mafunzo ya FRELIMO hapo. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilianza tarehe 25 Septemba 1964, na wapiganaji wa SWAPO waliokutana na jeshi la makaburu huko Omugulugwombashe tarehe 26 Agosti 1966 walitoka katika kundi lililopitia Kongwa. Wako waliofia Kongwa kabla ya kuona nchi zao huru. Makaburi yao yapo, na wageni kutoka nchi hizo huja kuyazuru.

Tangu Umoja wa Afrika ulipoidhinisha Programu ya Urithi wa Ukombozi wa Bara la Afrika mwaka 2011, Kongwa imehesabiwa miongoni mwa maeneo makuu ya programu hiyo katika Tanzania. Basi mahali pamoja pana tabaka mbili za historia, moja juu ya nyingine: karakana ya mkoloni chini, na kambi ya mpigania uhuru juu yake. Kuna wanaotaka tabaka la juu tu litunzwe, la chini liachwe lioze kwa kuwa ni aibu ya watu wengine. Maoni hayo yanaeleweka, lakini hayatekelezeki. Wapiganaji walilala katika majengo yaliyoachwa na mpango wa karanga. Atakayeubomoa ukuta wa karanga atakuwa amebomoa na ukuta wa ukombozi.

Je, sheria inalinda nini? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Kitu cha baada ya hapo kwa kawaida hakina ulinzi mpaka Waziri mwenye dhamana akitangaze. Maana yake ni nyepesi kwa mwana-ushirika kuielewa. Karakana ya mwaka 1947, ghala la pamba la mwaka 1956, mashine ya kusaga ya mwaka 1974, vyote hivyo mbele ya sheria hiyo ni majengo na vyuma tu. Anayevilinda ni mwenye navyo, au hakuna.

Na hapa yafaa kusafiri kidogo, twendako kukiwa ni kule ambako ushirika wenyewe ulianzia.

Katika Scotland, kando ya mto Clyde, kipo kijiji cha viwanda vya pamba kiitwacho New Lanark. Kilianzishwa mwaka 1785 na David Dale, na tangu mwanzo wa mwaka 1800 kilisimamiwa na mkwewe, Robert Owen. Jina la Owen linafundishwa katika kila darasa la ushirika, lakini viwanda vyake havitajwi. Magurudumu yake yalizungushwa na maji ya mto. Owen alikataa kuwaajiri viwandani watoto wadogo wa chini ya miaka 10, akawajengea shule, na akafungua duka la kijiji lililouza bidhaa nzuri kwa bei ya haki, faida yake ikisaidia shule. Duka hilo ni mmoja wa wahenga wa maduka ya ushirika.

Viwanda vya New Lanark vilisokota nyuzi hadi mwaka 1968, kisha vikafungwa. Mwaka 1970 vikauzwa kwa kampuni ya vyuma chakavu, na uwanja ambao Owen alitembea ukajaa takataka za chuma. Makatibu wasidhani basi kwamba mnunuzi wa chuma chakavu ni balaa la Dodoma peke yake. Kilichookoa kijiji ni kwamba watu walikuwa wangali wanaishi humo. Chama kidogo cha nyumba kilikuwa kimeanza kukarabati makazi tangu miaka ya 1960. Mwaka 1974 ikaundwa amana ya kuhifadhi. Na mwaka 1983 viwanda vikachukuliwa kutoka kwa mwenye chuma kwa amri ya sheria. Ukarabati uliendelea miaka mingi. Mwaka 2001 UNESCO ikakiandika kijiji katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kinu kimoja kimefanywa hoteli, maji ya mto hutoa umeme, nyumba zina wapangaji wenye mishahara na watoto. Yaani hakikuhifadhiwa kama maiti, kimepewa kazi nyingine, kama Kongwa ilivyopewa kazi mwaka 1964, ila kwa utaratibu na kwa daftari.

Rochdale, kule Uingereza, habari yake inachekesha zaidi. Kila mwana-ushirika anajua kwamba tarehe 21 Desemba 1844 watu 28, wengi wao wafumaji, walifungua duka katika mtaa wa Toad Lane wakiwa na mtaji wa paundi 28, wakauza unga, siagi, sukari na shayiri. Wachache wanajua kwamba duka lenyewe lilikuwa sakafu ya chini ya ghala kuukuu la kupanga. Chama kilipokua kilihama, ghala likapita mikononi mwa watu mbalimbali, na kwa kipindi fulani likauzwa humo ndege wa kufugwa. Chimbuko la ushirika wa dunia likawa kibanda cha ndege! Vyama vikazinduka, vikalinunua, na mwaka 1931 likafunguliwa kuwa makumbusho. Mwaka 1850 wana-ushirika wa Rochdale walianzisha pia kinu chao cha nafaka, ambacho mwanzoni kilitoa unga usioridhisha na kikaingia hasara, hata baadhi ya wanachama wakaukimbia unga wa chama chao. Hakikufa kwa hasara hiyo. Msagishaji wa Kibaigwa akisoma habari hiyo atatabasamu, maana mteja wa sembe hana tabia mpya.

Sasa turejee katika nyanda hizi.

Vyama vingi vya Kanda ya Kati vina mali ya kazi ambayo haimo katika rejesta yoyote, na sababu yake inajulikana. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, kazi zao zikapewa mamlaka za mazao na vijiji. Maghala, malori, mizani na vinu viligawanywa, wakati mwingine kwa barua na wakati mwingine kwa neno la mdomo tu. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1982 iliporudisha vyama, haikuweza kurudisha kila ufunguo. Ghala moja laweza kudaiwa na kijiji kwa kuwa limo katika kijiji, na halmashauri kwa kuwa ilipata kulipaka rangi, na chama kwa kuwa babu zao walibeba mawe ya msingi wake. Kila mdai ana sehemu ya ukweli, na hakuna mwenye karatasi.

Wakati huohuo thamani ya ghala imepanda. Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005, unahitaji maghala yenye sakafu kavu, milango imara na mizani iliyokaguliwa. Ghala ambalo kwa miaka 20 lilikuwa makazi ya popo laweza kuwa ndilo litakalookoa kilometa 60 za kusafirisha ufuta. Na Dodoma yenyewe imekwisha kubadilika. Tangu uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia hapa makao makuu, na zaidi baada ya kufanywa jiji mwaka 2018, kiwanja kilicho karibu na reli hakilali bila kutamaniwa. Treni ya umeme ilianza kufika kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, karne moja na zaidi baada ya ile reli ya Wajerumani kufika mwaka 1910. Majengo ya zamani ya njia ile, maghala ya wafanyabiashara wa nafaka, maghala ya Kizota yanayokumbusha enzi za Shirika la Taifa la Usagishaji, yote hayo yanapimwa upya kwa bei ya ardhi iliyo chini yake.

Na ichukuliwe mfano wa mashine. Kijiji kilinunua mashine ya kusaga ya injini ya Lister katika miaka ya 1970, kwa fedha za wanachama au za kikundi cha akina mama. Ilisaga miaka mingi. Ikaja mashine ya umeme, ile ya kwanza ikabaki kibandani, mkanda wake umeliwa na panya, gurudumu lake zito likiwa palepale. Mnunuzi wa chuma chakavu anafika, anataja bei kwa kilo. Kamati ina deni la mlinzi. Nani ataikataa fedha hiyo?

Jibu la haki ni kwamba mara nyingine ikubaliwe. Chama cha ushirika si makumbusho, na mwanachama anayengoja malipo ya alizeti yake hawezi kushibishwa kwa gurudumu la chuma. Mapaa ya zamani yenye asbesto, kwa mfano, hayafai kutunzwa hata kidogo. Yaondolewe na watu wanaojua kuyaondoa, kwa kuwa vumbi lake huua mapafu. Kisichokubalika ni kuuza kabla ya kujua ni nini kinauzwa. Mali isiyohamishika ya chama haiuzwi kwa ridhaa ya kamati pekee: ni neno la mkutano mkuu, na Mrajisi ana sehemu yake. Mashine nayo, ingawa inahamishika, ina mwaka wake, ina waliotoa michango, ina aliyeisimika. Ikiuzwa bila kuandikwa, chama kinapoteza chuma, na pamoja na chuma kinapoteza ushahidi kwamba kibanda na kiwanja kilichokibeba vilikuwa mali yake. Jengo moja likiwa na injini ya chama ndani yake, ni vigumu kwa mdai mwingine kusema kwamba chama hakikuwahi kulimiliki. Injini ikitoka, ni rahisi.

Hapo ndipo Kongwa inapofundisha kitu ambacho New Lanark haifundishi. Jengo la Kongwa lilipata mwenyewe mpya mara nne, kuanzia mpango wa karanga, shirika lililofuata, serikali, hadi wapiganaji, na kila mara mengi ya yale yaliyojulikana na wa kabla hayakukabidhiwa. Leo mtafiti akitaka kujua karakana fulani ilikuwa ya kazi gani, hulazimika kwenda kwenye nyaraka za London. Majina ya mafundi Waafrika waliofanya kazi humo ni haba katika nyaraka hizo. Wazee walioyajua walikuwa vijana wa miaka 18 mwaka 1947; aliye hai sasa amekwisha kupita miaka 90.

Kwa hiyo makatibu wanaombwa wafanye kazi ifuatayo kabla ya msimu wa ununuzi. Kila jengo na kila mtambo wa chama, uwe mzima au mfu, uandikwe: mahali ulipo, mwaka ulipojengwa au kununuliwa iwapo unajulikana, nani alilipa, nani anautumia sasa, na kuna karatasi gani. Mtambo unakiliwe jina na namba iliyogongwa katika bamba lake. Bamba hilo aghalabu huwa upande wa chini, limefunikwa na grisi, na hufutwa kwa kitambaa na mafuta ya taa, si kwa patasi. Mihutasari ya zamani ya mikutano isitupwe hata ikiwa imeliwa na mchwa nusu, kwa kuwa nusu iliyobaki yaweza kutaja kiwanja. Akipatikana mzee au bibi aliyeshiriki ujenzi, aulizwe mbele ya mashahidi wawili, maneno yake yaandikwe na atie dole gumba au sahihi. Vyama vya Wilaya ya Kongwa na Mpwapwa vyenye wazee waliofanya kazi katika mpango wa karanga, au waliouza maziwa na kuni kwa kambi ya wapiganaji, viwaandike hao kwanza.

Orodha ziandaliwe nakala tatu: moja ya chama, moja ya kijiji, moja ya Chama Kikuu. Nakala ya Chama Kikuu iletwe pamoja na makisio ya mwaka, na mali yoyote yenye mgogoro iwekewe alama ya kalamu nyekundu pembeni, pamoja na jina la mdai wa pili.